Sufuri Mbili

Waliombandika jina la Mama Nukta hawakumsingizia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mchanganyaji wa dawa katika hospitali ile ya ghorofa tatu, na kwa miaka yote hiyo hakuna fomu iliyopita mbele ya macho yake ikiwa na nukta iliyokaa upande. Aliyeandika "gramu 2" mahali pa "gramu 2.00" alirudishiwa karatasi yake, na somo juu. Tarakimu ni kiapo, alikuwa akisema. Ukiandika mbili tupu, umeapa kwamba mizani yako imeona gramu nzima, basi. Ukiandika mbili nukta sufuri sufuri, umeapa kwamba imeona mpaka sehemu ya mia ya gramu. "Usiape kwa macho usiyokuwa nayo," aliwaambia wanafunzi wa mazoezi, nao wakicheka chini kwa chini, wakimwigiza anavyoshusha miwani hadi ncha ya pua.

Katika chumba cha kuchanganyia walikuwa wawili. Mwenzake alikuwa mwanamume wa makamo aliyeitwa Kimya, na jina hilo nalo halikuhitaji maelezo. Mmoja akipima, mwingine anahakiki na kutia sahihi. Ndivyo sheria ya chumba ilivyotaka, na ndivyo walivyoishi, kama pande mbili za mkasi.

Wiki ile mambo yalikwenda mrama. Mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, alishikwa na uchungu kabla ya miezi saba kutimia, akajifungua mtoto wa kike mwenye kilo moja nukta mbili nne. Mtoto alilazwa ghorofa ya juu, kwenye wodi ya watoto njiti, ndani ya kisanduku cha joto namba tatu, amefungwa waya kifuani na bomba jembamba puani. Mama Nukta aliomba ruhusa ya siku mbili. Siku ya tatu, Jumanne, mkuu wa dawa alimwambia apumzike hata wiki nzima akitaka. Akakataa. Alisema akikaa nyumbani atahesabu vigae vya sakafu mpaka awe kichaa. Heri awe pale pale, ngazi mbili tu chini ya mjukuu wake.

Watoto wa umri ule wana ugonjwa mmoja wa ajabu: husahau kupumua. Mtoto amelala vizuri, mara kifua kinasimama, midomo inageuka rangi ya majivu, muuguzi anakuja mbio na kumfinya wayo ili akumbuke. Dawa yake ni kafeini, ile ile iliyomo kwenye kahawa, inayoyeyushwa kwenye maji safi na kutolewa kwa kipimo kidogo sana. Hospitali ilikuwa ikiichanganya yenyewe kutokana na unga: gramu moja ya unga ndani ya mililita hamsini za maji, yaani miligramu ishirini kwa kila mililita. Hesabu ya mtoto wa shule. Mama Nukta alikwisha kuifanya mara mia kadhaa.

Asubuhi ile chupa ya wodini iliisha mapema, na sista wa watoto njiti akapiga simu mara tatu kuhimiza. Kimya akapima, akachanganya, akajaza fomu. Mama Nukta alikuwa juu, amesimama kwenye kioo cha kisanduku namba tatu akihesabu pumzi za mjukuu wake. Aliposhuka, hakuingia hata chumbani. Alisimama dirishani, mkoba begani, akitaka kutia sahihi na kupanda tena, maana mkwe alikuwa amemwambia kwamba mtoto alisimamisha pumzi mara mbili alfajiri.

Kwenye fomu, sehemu ya uzito ilikuwa na visanduku vitatu vilivyochapwa: kimoja kabla ya nukta, viwili baada yake. Kimya alikuwa ameandika 1 kwenye kisanduku cha kwanza. Viwili vya mwisho aliviacha vitupu.

Mama Nukta aliona. Baadaye alikiri mbele ya kila aliyemuuliza kwamba aliona. Alidhani mwenzake amesahau kwa kuharakishwa na simu za sista. Akachukua kalamu, akaandika sufuri mbili, kila moja kwenye kisanduku chake, akatia sahihi, na kuibandika chupa karatasi iliyosema miligramu 20.0 kwa mililita. Kimya aliinua mkono kidogo kama mtu anayetaka kusema jambo. Lakini simu ililia tena, mhudumu wa wodi akaichukua chupa, na Mama Nukta akafuata nyuma yake ngazini. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

Aliporudi chumbani saa tano na robo, mjukuu alikuwa ametulia, naye roho yake imepungua mbio. Alivaa koti, akanawa, akageukia meza ya mizani ili apime unga wa dawa nyingine. Mizani haikuwepo. Mahali pake palikuwa na alama ya mraba, safi, katikati ya vumbi jembamba.

Aliuliza mizani iko wapi. Kimya akajibu kwamba fundi aliichukua tangu Jumapili, inakwenda kusawazishwa, itarudi Ijumaa.

"Basi asubuhi ulipimia nini?"

Kimya alielekeza kidevu pembeni, kwenye mizani kubwa ya bati waliyokuwa wakipimia vitu vya kupaka, mafuta ya kilo na nusu kilo. Mizani ile ilionyesha gramu nzima tu. Haikuwa na nukta kabisa.

Mama Nukta alihisi kitu baridi kikimshuka kutoka kisogoni hadi kiunoni, kana kwamba mtu amemmiminia maji ndani ya koti. Alivuta kiti, asikikalie. Aliuliza kwa sauti ndogo kwa nini hakwenda kuazima mizani ya maabara. Kimya akasema maabara wanataka barua yenye sahihi ya mkuu, na mkuu alikuwa kikaoni, na wodi walikuwa wakipiga simu. Alidhani ataandika moja tupu, Mama Nukta aione, ajue, aamue. "Niliacha wazi," alisema. "Sikuwa na cha kujaza."

Hapo hofu ikapata umbo. Kwa mizani ile, "1" ilikuwa jina la chochote kuanzia nusu gramu hadi gramu moja na nusu. Ndani ya chupa ile kila mililita ingeweza kuwa na miligramu kumi, au ishirini, au thelathini. Hakuna ajuaye. Kama ni kumi, watoto watasahau kupumua huku kila mtu akiamini wamepewa dawa. Kama ni thelathini, mioyo isiyozidi ukubwa wa zabibu itakwenda mbio mpaka ishindwe. Hata aogope lipi, hakujua. Angalau mtu akijua nyoka yuko mlangoni, atatokea dirishani.

Aliitazama saa. Dozi za mchana zilitolewa saa sita.

Alinyakua simu ya ukutani. Ilikuwa na mtu anazungumza. Alijaribu tena, ikawa vile vile. Kimya alikuwa amesimama karibu na sinki, uso umemwiva, kisha akasema maneno mawili ambayo Mama Nukta hakuyasahau.

"Chupa huanguka."

Akaelewa mara moja. Panda juu, ishike chupa kwa kisingizio chochote, iteleze mkononi, ivunjike. Omba radhi. Wataletewa nyingine iliyopimwa kwa mizani ya maabara, fomu ya asubuhi itakaa kwenye faili na sufuri zake mbili zikimeta, na hakuna atakayejua milele. Miaka kumi na tisa haitapata doa. Mkwe wake hataambiwa lolote. Kwa muda wa pumzi tatu au nne, Mama Nukta aliliwazia jambo hilo kwa dhati, na mkono wake ulikuwa tayari unaona namna ya kuiachia chupa. Lililomzuia lilikuwa swali moja: je, kama kuna aliyekwisha kupewa? Chupa ikivunjika, hakuna njia tena ya kujua alipewa nini.

Akachukua fomu, akatoka.

Ngazi mbili zile, alizozipanda siku hizo kama msichana, safari hii zilimkatalia. Kwenye kona ilibidi ashike chuma cha ukutani, akasikia moyo wake ukigonga masikioni, na wazo likampitia kwamba hivi ndivyo moyo wa mtoto mwenye dawa nyingi unavyogonga, ila mtoto hawezi kushika chuma.

Wodini kulikuwa kimya kama kawaida, joto, na vimashine vinatoa mlio mmoja mmoja. Sista alikuwa kwenye meza yake akinyonya dawa kwa bomba la sindano. Chupa ilikuwa mbele yake. Mama Nukta alifika, akaifunika chupa kwa kiganja, akamwambia asimpe mtu yeyote.

Sista alimtazama usoni, akaweka bomba chini. Hakuuliza kwa nini. Alisema, "Mmoja nimeshampa."

"Yupi?"

Sista aligeuza kichwa kuelekea safu ya visanduku vya dirishani. Cha tatu ndicho cha kwanza kuonekana kutoka pale walipokuwa.

"Wa namba nne. Aliletwa saa nne kasorobo, ni mgeni. Dozi ya kuanzia."

Hakuwa wake. Ndani ya kifua chake kitu kililegea, na moyoni akasema ahsante, alhamdulillahi, hakuwa wake. Kisha akamwona mama wa namba nne. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyekaa kwenye kigoda karibu na mwanawe, futi ya kupimia nguo bado imemning'inia shingoni, maana alikuwa fundi cherehani na uchungu ulimkuta kazini. Aliinua macho, akamsalimia Mama Nukta kwa heshima, shikamoo mama, akamuuliza mjukuu anaendeleaje. Mkwe alikuwa amemwazima shuka saa moja tu iliyopita. Mama Nukta aliitikia marahaba, na aibu ya ile ahsante ya moyoni ikamchoma kuliko hofu yenyewe.

Daktari wa watoto aliitwa. Mtoto wa namba nne alikuwa na kilo moja nukta tatu moja. Alipewa mililita 1.31, kwa kuamini karatasi ya chupa. Kwenye kioo cha mashine moyo wake ulisomeka mia moja sabini na moja kwa dakika. Daktari alisema namba hiyo iko juu kidogo, lakini wapo wanaofika hapo kwa kulia tu. Alimuuliza Mama Nukta mtoto amepata kiasi gani.

"Sijui, daktari."

"Kadiria."

"Kati ya nusu ya anachotakiwa na moja na nusu."

Daktari alimtazama mtoto. Kisha akaeleza, polepole, bila kumfokea, na utaratibu wake ulimtisha Mama Nukta kuliko ukali. Akisimamisha pumzi, na dawa ilikuwa nusu, inafaa aongezewe. Lakini ikiwa tayari amezidishiwa, kumwongezea ni kumuua. "Siwezi kutibu neno 'kati ya'," alisema. "Nipe namba. Na iwe namba ya kuaminika."

Ndipo Mama Nukta akaenda kwa mkuu wa dawa, akaweka fomu mezani, akasema alichofanya kwa sentensi mbili. Mkuu, mwanamke mwenye hasira za karibu, safari hii hakuwaka. Alivua miwani, akaandika barua ya maabara, akatia sahihi, akasema yatakayofuata yatafuata.

Chumba cha maabara kilikuwa na mizani nzuri ndani ya kibanda cha kioo, na mashine ya mwanga. Kazi ya mashine hiyo ni kupitisha mwanga ndani ya kimiminika na kusoma ni kiasi gani kimemezwa. Dawa ikiwa nyingi, mwanga unaomezwa ni mwingi. Ukiwa na kimiminika kimoja unachokijua barabara, unakilinganisha na kile usichokijua. Kimya alikuwa amemfuata bila kuitwa. Wakagawana: yeye apime unga safi kutengeneza kile kinachojulikana, mikrogramu 10.0 kwa mililita. Mama Nukta azimue dawa ya chupa ile mara elfu mbili, hatua kwa hatua, ili mashine iweze kuisoma.

Mara ya kwanza aliponyonya mililita moja kutoka kwenye chupa, tone lilining'inia ncha ya bomba, na hakuweza kusema kama limo ndani ya hesabu au limo nje. Siku nyingine angelifuta na kuendelea. Sasa alimwaga yote, akaosha, akaanza upya. Mara ya pili alipitisha maji juu ya alama ya chupa ya vipimo kwa unywele mmoja. Akamwaga tena. Saa ya ukutani ilikuwa ikienda, na kila dakika aliona midomo ya mtoto ikigeuka rangi ya majivu. Bwana wa maabara alimsogezea kiti, akamwambia akae, mtu hapimi akiwa amesimama kama anakimbia moto. Akakaa. Akaegemeza viwiko mezani. Mara ya tatu maji yalisimama juu ya mstari kama yalivyoagizwa.

Mashine ilisoma 0.252 kwa kile kinachojulikana. Kwa dawa ya chupa ilisoma 0.328. Bwana wa maabara akarudia mara mbili, na mara zote mbili ikasema vile vile.

Hapo Mama Nukta alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimwomba Kimya achukue karatasi yake, aende kona ya pili, afanye hesabu peke yake, wasitazamane. Hakuamini tena kichwa chake. Akagawanya 0.328 kwa 0.252, kikokotoo kikampa moja nukta tatu sufuri moja tano nane saba, na mkono ukataka kuandika 1.3 ili mambo yaishe. Akauzuia. Ukikata katikati ya safari, unafika mahali pengine. Aliiacha namba na mkia wake wote, akazidisha kwa kumi, akazidisha kwa elfu mbili, akafika mwisho, ndipo akahesabu vyombo vyake: mizani ya maabara imeona zaidi ya tarakimu tatu, mabomba yameona tatu, mashine imeona tatu. Basi tatu anazo haki nazo. Akaandika. Kimya akaja na karatasi yake, akaiweka kando ya yake.

Miligramu 26.0 kwa mililita. Kwa wote wawili.

Kwa hiyo ile "1" ya asubuhi ilikuwa gramu moja nukta tatu, na mizani ya bati, kwa upofu wake wa kuzaliwa, ikaiita moja. Mtoto aliyestahili miligramu 26.2 alikuwa amemeza 34.1.

Walipanda wote wawili. Daktari alisoma karatasi, akamtazama Mama Nukta. "Hii sufuri ya mwisho," alisema, "ni sufuri kweli?"

"Ni ya kweli, daktari. Imepimwa."

Daktari alisema mtoto amezidishiwa, si mchezo, lakini amewahi kuona waliozidishiwa kuliko hapo wakaibuka salama. Hataongezewa tone. Atachukuliwa damu, atazamwe kila robo saa, na dawa itatoka mwilini yenyewe, ila kwa mtoto wa umri ule inatoka kwa kusuasua. Akaongeza kwamba mama yake ni lazima ajue, na kwamba yeye daktari yuko tayari kumwambia. Mama Nukta alitamani sana kukubali. Alisikia neno "haya" likija mdomoni. Akalimeza, akaenda mwenyewe kwenye kile kigoda.

Alichuchumaa ili macho yao yawe sawa. Alimweleza yule fundi cherehani kila kitu: mizani, visanduku vitupu, sufuri alizoziandika kwa mkono wake, na kiasi kilichozidi. Hakutaja mjukuu wake wala haraka aliyokuwa nayo. Mwanamke alisikiliza akiiviringisha futi yake kidoleni, akaifungua, akaiviringisha tena.

"Mimi nikikosea inchi moja," alisema mwishowe, "gauni linarudi, nalifumua. Hapa mnafumua nini?"

Mama Nukta alisema tu kwamba hataondoka pale.

Alasiri ile ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kuziishi. Saa nane moyo wa mtoto ulifika mia themanini na nne. Saa tisa alianza kutetemeka mikono, vidole vyembamba kama njiti za kiberiti vikicheza hewani, akatapika yale maziwa machache aliyopewa. Sista alimfuta, akamgeuza ubavu. Saa tisa na nusu mashine ililia, namba ikasoma mia tisini na nane, na fundi cherehani akasimama wima, akaweka viganja vyote viwili juu ya kioo. Mama Nukta alisimama nyuma yake. Alijiona kama mwizi aliyekuja msibani. Alikuwa akisali, lakini hata sala ilimtisha, maana hakujua kama ana uso wa kuomba.

Hatua tatu tu kutoka pale, mkwe wake alikuwa amekaa kando ya namba tatu, na alikuwa amekwisha kusikia. Wodi ile haina ukuta. Mama Nukta alipomgeukia, mkwe aliinamisha macho, kisha akamwambia sista, kwa adabu lakini kwa sauti iliyosikika, kwamba dawa ya mtoto wake angependa ichanganywe na mtu mwingine. Sista alisema mpya ishaletwa, imetengenezwa na mkuu mwenyewe. Mkwe akashukuru. Hakumtazama mama mkwe wake, na Mama Nukta hakumlaumu. Angekuwa yeye, angesema hivyo hivyo, pengine kwa maneno makali zaidi.

Saa kumi namba ilikuwa mia tisini na mbili. Saa kumi na moja, mia themanini na tatu. Hakuna aliyethubutu kuliita jambo hilo nafuu. Jua lilipoanza kuteremka nyuma ya mapazia, mikono ya mtoto ilitulia, daktari akaja na majibu ya damu, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeridhika kwa tahadhari. Alisema usiku huu watamlinda. Mama Nukta aliambiwa aende nyumbani. Hakulala, lakini alikwenda.

Asubuhi alipanda kabla ya kuvua kandambili za njiani. Mia na hamsini na nane. Mtoto alikuwa amelala, kifua kinapanda na kushuka. Mama yake amesinzia kichwa kwenye kioo, na alama ya pumzi yake imetanda pale kama ukungu. Mama Nukta hakumwamsha. Alisimama kidogo, akashuka, akakaa kwenye ngazi ya kati pasipo mtu, ndipo machozi yakamtoka, mengi, bila sauti, mpaka mtu wa usafi akamwomba asogee apige deki.

Kikao kilikuja wiki iliyofuata. Aliandika maelezo yake mwenyewe, ukurasa mmoja, wala hakumtia Kimya ndani zaidi ya alivyostahili. Kimya naye, kwa mshangao wa wote, alizungumza dakika nzima, akasema kosa la kupima lilikuwa lake, na kwamba alipaswa kufungua mdomo. Wote wawili walipewa onyo la maandishi. Mama Nukta aliondolewa kwenye kuchanganya kwa miezi mitatu, akawekwa stoo kuhesabu pamba na bandeji. Mizani ya bati ilihamishwa chumba kingine, na barua ya kuazima ya maabara ikafutwa: sasa unakwenda tu, unapima.

Mjukuu alitoka baada ya wiki tano. Kwa siku nyingi mkwe alikuwa akimjibu kwa "ndiyo mama" na "hapana mama" tu, kisha siku moja akampakatisha mtoto bila kuombwa, akaenda jikoni. Hawakulizungumzia. Katika familia yapo mambo yanayopona yakiachwa.

Mtoto wa namba nne aliruhusiwa siku hizo hizo, na mama yake alikuja kwenye dirisha la dawa kuchukua matone ya kwenda nayo nyumbani. Mama Nukta alikuwa ametumwa pale dakika chache, kumshikia mtu zamu. Fundi cherehani alimtambua. Alimsalimia, shikamoo yake kamili, kisha akasema, bila ukali wowote:

"Naomba anihudumie mwingine."

"Ni haki yako, mwanangu," Mama Nukta alijibu, akamwita Kimya.

Yeye akarudi nyuma ya rafu, kati ya maboksi ya pamba. Kutoka pale alimsikia Kimya akimsomea yule mama karatasi ya chupa, tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu asiyezoea kusema. Mama alikuwa akimwambia arudie, naye anarudia. Mama Nukta alisikiliza mpaka mwisho, vidole vyake vikiwa vimeshika ukingo wa rafu kwa nguvu.

Miezi mitatu ilipokwisha alirudi kwenye chumba cha kuchanganyia. Wenzake walimtania kwamba jina lake limepata mtihani, naye akacheka nao. Lakini kila aliposhika kalamu, kabla ya kuandika namba yoyote, alihisi ule ubaridi ukimshuka tena kisogoni. Mwanzoni alitamani utoweke. Siku zilivyosogea akaacha kutamani. Alingoja upite, akaitazama mizani mara ya pili, ndipo akaandika.